Kuyatunza Mafuta ya Karafuu Ndani ya Chembe za Nta

Hotuba ya Kamati ya Mtambo, iliyosomwa mbele ya wanachama siku Chama kilipotimiza miaka 10



Leo Chama chetu kimetimiza miaka 10. Wazee waliokaa katika safu ya mbele wanakumbuka kwamba tulianza na mizani moja, majamvi ya kuazima na ghala lililovuja, tukiuza karafuu zetu kwa kila mnunuzi aliyepanda milima hii ya Uluguru na bei yake mfukoni. Leo tuna ghala la mabati, tuna daftari zilizokaguliwa, na tuna mtambo wa kukenekea mafuta ya makonyo. Kwa hayo twamshukuru Mungu, na twapeana heko sisi kwa sisi.

Lakini sherehe isiyo na hesabu ni ngoma tu. Halmashauri imetutaka sisi wa Kamati ya Mtambo tuseme mambo mawili mbele yenu. La kwanza ni mafuta yetu yamefanya nini mpaka sasa, jema na baya. La pili ni kama yafaa Chama kitoe fedha za ziada ya mwaka huu kwa ajili ya maarifa mapya ambayo vijana wetu wanayazungumza, na ambayo mchuuzi mmoja amekwisha kutuletea kwa jina la “nano”. Twaomba mtusikilize kwa subira, maana mwisho wa maneno haya mtaombwa kupiga kura.

KOSA LETU WENYEWE

Yafaa tuanze na jambo chungu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Msimu uliopita ni sisi wa Kamati tuliowashauri wanachama wapake mahindi yao mafuta ya karafuu ili yasishambuliwe na fukusi na dumuzi. Tulikuwa tumejaribu katika kopo moja tu. Tulitia mahindi, tukatia wadudu, tukadondosha mafuta, tukafunika. Na kesho yake wadudu wote walikuwa wamekufa. Tukafurahi, tukatoka mbio kutangaza. Nyumba 11 zilitusikiliza. Baadhi yao walipaka mahindi ya chakula, na wengine walipaka hata mbegu.

Yaliyotokea mwayajua. Mbegu zilizopakwa hazikuota, ila chache. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, na wenzetu wale wakalazimika kununua mbegu nyingine kwa fedha walizokuwa wameziweka kwa karo za watoto. Mama mmoja alikuja ofisini na konzi ya mbegu alizozifukua shambani, akaziweka juu ya meza yetu, akaondoka bila kusema neno. Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Hotuba hii ni sehemu ya jibu lake.

Wale waliopaka mahindi ya chakula nao walikuwa na kisa chao. Kwa wiki tatu ghala lilinukia karafuu, wala hapakuonekana mdudu. Mwezi wa pili harufu ilififia. Mwezi wa tatu walipofungua magunia walikuta unga wa dumuzi kama kwamba hawakufanya lolote.

Tazameni basi ajabu hii. Mafuta yale yale, siku ya kwanza yalikuwa makali mno hata yakaua kiini cha mbegu. Na siku ya 60 yalikuwa dhaifu hata hayakumzuia mdudu. Wengine wamesema mafuta ya karafuu ni uwongo. Wengine wamesema tungepaka mara mbili. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosea. Nguvu mafuta yanayo. Yasiyokuwa nayo ni kiasi. Hutoka yote kwa pamoja, kama mtu apokeaye mshahara asubuhi na kuumaliza kabla ya jua kuchwa. Swali letu ni hili: je, yako maarifa ya kuyafanya mafuta haya yatumike kidogo kidogo?

MAFUTA YENYEWE NI KITU GANI

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ya Indonesia. Ulifika Unguja na Pemba katika karne ya 19, na leo hii unastawi pia katika miteremko yetu hii. Karafuu iliyokaushwa vema huwa na mafuta ya kunukia asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo, ambayo zamani tuliyatupa au kuyachoma moto baada ya kuchambua, huwa na asilimia 5 au 6. Majani yana asilimia 2 au 3. Maana yake ni kwamba kilo 100 za makonyo makavu zaweza kutoa kilo 5 au 6 za mafuta. Ndugu zetu wa Pemba wana kiwanda chao cha makonyo huko Wawi, nasi kwa kuona mfano wao tukajenga mtambo wetu mdogo.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo, yaani asilimia 70 hadi 90, ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Hicho ndicho kinachotuliza jino linalouma, na madaktari wa meno wamekitumia kwa miaka mingi. Hicho ndicho kinachomuua mdudu. Na hicho hicho ndicho kilichoua mbegu zetu, kwa maana eujenoli haichagui: huharibu ngozi nyororo ya chipukizi kama inavyouharibu mwili wa mdudu. Katika nchi nyingine mafuta ya karafuu huuzwa kuwa dawa ya kuua magugu. Lau tungalijua hayo mapema, tusingaliwaambia wenzetu wayapake katika mbegu.

Mafuta ya kunukia si kama mafuta ya alizeti wala samli. Ukidondosha samli juu ya karatasi, alama yake itabaki mwaka mzima. Ukidondosha mafuta ya kunukia, alama itapungua na kutoweka, maana yamepanda hewani. Harufu yenyewe unayoisikia ni mafuta yanayokukimbia. Zaidi ya hayo, mwanga wa jua na hewa huyabadilisha, yakawa meusi na kupoteza nguvu. Hayapatani na maji: ukiyatia katika ndoo ili uyanyunyize, mafuta ya karafuu huzama chini, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, na mnyunyizo wa kwanza huwa maji matupu ilhali wa mwisho huwa moto. Hivyo punje moja hupata nyingi, na nyingine haipati kitu.

Kwa hiyo maadui wa mafuta yetu ni watatu: kupaa hewani, kuharibiwa na jua na hewa, na kukataa maji. Maarifa tutakayoyaeleza sasa yametungwa kuwashinda wote watatu kwa pamoja.

MFANO WA TUI

Kina mama waliopo hapa wanaijua siri hii kabla ya wataalamu. Mnapokuna nazi na kulikamua tui, mnaona kitu cheupe ambacho si maji na si mafuta. Kwa kweli ni vyote viwili. Ni matone madogo sana ya mafuta yanayoelea katika maji, na kila tone limevikwa utando mwembamba unaolizuia lisiungane na jirani yake. Maziwa ya ng'ombe nayo ni hivyo hivyo. Tui likikaa, matone hupanda juu na kuungana. Ndipo mnapopata mafuta juu na maji chini.

Basi fikirini tui ambalo mafuta yake si ya nazi, bali ni mchanganyiko wa nta na mafuta ya karafuu. Na matone yake yamepasuliwa yakawa madogo mno, hata hayapandi juu wala hayazami. Na kila tone, baada ya kupoa, limeganda likawa chembe ngumu iliyofungia mafuta ya karafuu ndani yake. Hapo mmeielewa sehemu kubwa ya jambo hili. Chembe hizo ndizo wataalamu wanazoziita vibebeo vya lipidi vya kadiri ya nano. Lipidi ni jina la jumla la mafuta, shahamu, nta na jamii yake.

Na neno “nano” si jina la dawa, wala si jina la kiwanda. Ni kipimo. Chukueni milimeta moja katika rula ya mtoto wa shule, igaweni mara milioni moja: kipande kimoja ni nanometa. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Chembe tunazozisema aghalabu zina upana wa nanometa 100 hadi 300. Kwa hiyo mamia yake yaweza kupangwa kukatiza unywele mmoja. Mtu akikuuzia chupa kwa sababu tu imeandikwa “nano”, ni kama akikuuzia kamba kwa sababu imeandikwa “meta”. Wajibu wako ni kuuliza: nano ya kitu gani, na ndani yake mna nini?

MAARIFA HAYA YALIKOTOKA

Hayakuzuka jana. Katika mwaka 1899 Mfaransa Auguste Gaulin alipata hati ya kuilinda mashine yake ya kusukuma maziwa kwa nguvu katika tundu jembamba, ili matone ya mafuta yapasuke na malai isijitenge. Katika miaka ya 1960, Alec Bangham wa Uingereza alionyesha kwamba mafuta ya jamii ya lesithini, kama yale yaliyomo katika kiini cha yai, hujifunga yenyewe majini yakawa vifuko vidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Rainer Müller wa Ujerumani na Maria Rosa Gasco wa Italia, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza chembe za mafuta yaliyoganda kwa ajili ya kubebea dawa za binadamu. Na baadhi ya chanjo za UVIKO-19 zilizotolewa duniani tangu mwaka 2020 zilisafiri mwilini ndani ya chembe za lipidi ambazo ni binamu wa hizi tunazozizungumza.

Kwa upande wa kilimo, mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cagliari, katika kisiwa cha Sardinia, walitangaza kwamba walitia mafuta ya kunukia ya mmea mmoja wa jamii ya pakanga ndani ya chembe za lipidi, wakiwa na nia ya kuyatumia dhidi ya wadudu wa mimea. Waliyapima katika joto la nyuzi 35, wakaona kwamba yalipaa polepole kuliko yale yaliyochanganywa na maji kwa njia ya kawaida. Joto hilo, wanachama wenzetu, ni joto la mchana la mabonde yetu.

JINSI ZINAVYOTENGENEZWA

Kazi yenyewe yaweza kusimuliwa kama mapishi, ingawa vyombo vyake si vya jikoni.

Kwanza huyeyushwa nta au mafuta magumu, kwa joto lililozidi kidogo kiwango chake cha kuyeyuka, kama nyuzi 5 au 10 juu yake. Mafuta ya karafuu hutiwa mwishoni, ili yasipae bure. Pembeni huwekwa maji yenye joto lile lile, nayo yametiwa kitu cha kupatanisha mafuta na maji, mathalan lesithini ya soya. Vitu hivyo viwili huunganishwa na kukorogwa kwa kasi, vikawa vyeupe kama tui. Kisha tui hilo hupitishwa katika mashine ya jamii ile ya Gaulin, inayolisukuma kwa nguvu iliyo mara 500 au zaidi ya uzito wa hewa inayotuzunguka, na hupitishwa mara mbili au tatu. Mwisho huachwa lipoe, na matone huganda yakawa chembe.

Hapa wataalamu walikutana na tatizo ambalo fundi mwashi atalielewa. Nta ya namna moja, ikipoa, hujipanga kwa utaratibu kama matofali yaliyochongwa sawa. Ukuta wa matofali hayo hauna mwanya hata mjusi hawezi kujificha. Na kadiri siku zinavyopita, matofali hujibana zaidi na kuyafukuza mafuta ya karafuu yaliyokuwa ndani. Kwa hiyo chembe za kwanza zilihifadhi kidogo, na baadaye zilivuja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 likapatikana jawabu: changanya mafuta magumu na mafuta ya majimaji, ili yakiganda yasiweze kujipanga vizuri. Yawe kama ukuta wa mawe ya mlimani, ambao una mianya mingi. Katika mianya hiyo mafuta ya kunukia hukaa kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi. Mara nyingi katika mambo ya dunia utaratibu ni bora kuliko fujo. Hapa fujo kidogo imekuwa na faida.

FAIDA YA UDOGO

Mtu atauliza: kwa nini chembe ziwe ndogo kiasi hicho? Je, madonge ya nta yenye ukubwa wa punje ya mtama hayatoshi?

Tujibu kwa hesabu. Chukueni tone moja lenye upana wa milimeta 1. Likigawanywa kuwa chembe zenye upana wa nanometa 100, upana umepungua mara 10,000. Idadi ya chembe itakuwa milioni mara milioni moja, na eneo lao lote la nje litakuwa mara 10,000 ya lile la tone la kwanza. Mafuta hayakuongezeka hata kidogo, lakini sasa yanaweza kusambaa juu ya kila punje ya gunia, na mdudu atembeaye juu ya punje hizo hawezi kuyakwepa. Tena chembe ndogo kama hizo huelea majini bila kuzama upesi, kwa hiyo mnyunyizo wa kwanza na wa mwisho huwa sawa. Na kwa kuwa nta ni ngumu, mafuta hupenya nje yake taratibu, siku baada ya siku. Hiyo ndiyo maana ya mshahara kulipwa kwa mwezi badala ya kuliwa asubuhi moja.

Uchaguzi wa nta nao ni jambo kubwa. Siagi ya kakao huyeyuka katika nyuzi 34 hivi. Chini ya mabati yetu wakati wa jua la utosi, chembe zake zingeyeyuka na kazi yote ingekuwa bure. Nta ya nyuki huyeyuka katika nyuzi 62 hadi 64; hiyo yaweza kustahimili. Nchi yetu inazalisha nta ya nyuki kwa wingi, hasa upande wa Tabora, na baadhi yenu hapa mna mizinga. Hivyo mali ghafi mbili kubwa za jambo hili, mafuta ya karafuu na nta, zote zatoka katika ardhi yetu. Neno hili halina budi kutufurahisha, lakini lisituleweshe.

MAMBO YA KUTAHADHARI

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo fedha za wanachama zinapoingia.

Kwanza, mengi ya matokeo mazuri yaliyotangazwa yamepatikana katika vyumba vya uchunguzi, kwa vikopo na siku chache. Ghala la mkulima lina joto, vumbi, panya, na miezi sita au minane ya kungojea. Sisi wenyewe tumekwisha kudanganywa na kopo moja. Hatutaki kudanganywa mara ya pili na kopo la mtu mwingine.

Pili, mashine ya kupasua matone kwa nguvu ile si kitu cha kununuliwa na chama cha ukubwa wetu kwa fedha za msimu mmoja. Inataka umeme usiokatika, fundi na vipuri. Vijana waliopendekeza tuinunue wamesema kwa nia njema, lakini mtambo uliolala ghalani bila kazi ni deni lililovaa chuma.

Tatu, mafuta ya karafuu, ingawa yatoka katika kiungo cha chakula, si kitu cha kuchezea. Mtoto akinywa hata kidogo yaweza kumdhuru vibaya. Kamati ya wataalamu wa chakula ya Umoja wa Mataifa iliweka kikomo cha eujenoli ambacho mtu anaweza kula kila siku bila wasiwasi, nacho ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili wake. Yaani mtu wa kilo 60 asizidi miligramu 150. Kwa hiyo mahindi ya chakula yaliyotiwa mafuta haya lazima yapimwe, isitoshe kuyanusa tu. Na yafaa kujua kama mnunuzi atakubali sembe yenye harufu ya karafuu, na kama watoto wetu watakubali ugali wake. Vyombo navyo ni jambo la kuangaliwa: mafuta haya huyeyusha baadhi ya plastiki, na hubadilika rangi yakikutana na chuma kitupu. Chombo chake ni kioo cha rangi nyeusi nyeusi au chuma kisichoshika kutu.

Nne, iko sheria. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, viuatilifu katika Tanzania Bara viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa ya wadudu inapaswa kusajiliwa kabla ya kuuzwa, hata ikiwa imetoka katika mti wa babu yako. Mchuuzi aliyetujia na chupa zake tulimwomba hati ya usajili. Akasema iko njiani. Tulimwuliza chupa moja ina gramu ngapi za mafuta ya kunukia. Akasema hiyo ni siri. Tulimwuliza chembe zimetengenezwa kwa nta gani, na huyeyuka kwa joto gani. Akasema sisi ni wakulima, tusijisumbue na hayo. Bwana Mwenyekiti, kwa jibu hilo la tatu tulimrudishia chupa zake. Mkulima ndiye mwenye kusumbuliwa dawa isipofanya kazi. Kwa hiyo mkulima ndiye mwenye haki ya kuuliza.

Tano, tusisahau njia zilizokwisha kuthibitishwa. Dumuzi, yule ambaye wengi humwita Skania, si mdudu wa asili ya Afrika. Alitoka Amerika ya Kati, akatambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo ameharibu maghala mengi. Lakini mahindi yaliyokauka vema, yaliyopukuchuliwa na kutiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, hustahimili bila dawa yoyote, maana wadudu waliomo humaliza hewa yao wenyewe na kufa. Njia hiyo inapatikana leo. Mtu asiache kuitumia kwa kungojea chembe za nta.

PENDEKEZO LETU

Basi tunaomba nini? Hatuombi kununua mashine. Hatuombi kununua chupa za mchuuzi. Twaomba mambo matatu.

La kwanza, sehemu ya ziada ya mwaka huu itumike kuzirudishia nyumba zile 11 gharama ya mbegu walizonunua mara ya pili. Ushauri ulikuwa wetu, na Chama kilichotoa ushauri hakina budi kubeba mzigo wake. Wanakamati tumekubaliana kutochukua posho zetu za vikao mpaka deni hilo lilipwe.

La pili, Chama kiandike barua kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho kiko hapa hapa mkoani Morogoro, kuwaomba washirikiane nasi katika jaribio la msimu mmoja. Sisi tutatoa mafuta, nta, mahindi na mikono. Wao tunawaomba maarifa na vipimo.

La tatu, jaribio hilo lifanyike kwa utaratibu ambao kila mwanachama ataweza kuukagua. Tumependekeza mafungu matano ya magunia. Fungu la kwanza ni mahindi yasiyotiwa kitu. La pili ni mahindi katika mifuko isiyopitisha hewa. La tatu ni mahindi yaliyotiwa mafuta ya karafuu matupu. La nne ni mahindi yaliyotiwa chembe za nta zenye mafuta ya karafuu kwa kipimo kile kile. La tano ni mahindi yaliyotiwa chembe za nta tupu, zisizo na mafuta, ili tujue kama mdudu ameshindwa na karafuu au ameshindwa na nta. Kila fungu liwe na magunia yasiyopungua matatu, maana gunia moja ni bahati. Mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, magunia yafunguliwe mbele ya wanachama. Wadudu wahesabiwe, punje zilizotobolewa zihesabiwe, uzito uandikwe. Halafu punje 100 za kila fungu zilazwe katika gunia bichi, tuone ngapi zitaota. Daftari la jaribio litundikwe ukutani ofisini, na kila mwenye macho alisome.

Hata ikiwa chembe hizo zitafaulu kwa mahindi ya chakula, hatutawaambia mzitie katika mbegu mpaka hesabu ya kuota itupe ruhusa. Na ikiwa hazitafaulu, tutasimama hapa tena na kusema hazikufaulu. Hasara yetu itakuwa magunia machache na nta kidogo, si mashamba ya watu.

MWISHO

Wanachama wenzetu, miaka 10 iliyopita tulijifunza kwamba karafuu iliyoanikwa vibaya hushusha bei ya karafuu za kijiji kizima, ndiyo sababu tukaweka majamvi ya pamoja. Baadaye tulijifunza kwamba makonyo tuliyoyachoma moto yalikuwa fedha. Msimu uliopita tumejifunza, kwa gharama ya wenzetu, kwamba kitu chenye nguvu bila kiasi kinaweza kuumiza kilichokusudiwa kukilinda. Mafunzo hayo yote ni mali ya Chama kama ghala na mizani zilivyo mali yake, nayo yafaa yaandikwe katika kitabu hiki cha ukumbusho pamoja na mambo mema.

Ajizi ni nyumba ya njaa, lakini na haraka haina baraka. Kati ya mawili hayo iko njia ya mtu apimaye kwanza, kisha akakata. Njia hiyo ndiyo tunayowaomba mtuunge mkono tuifuate.

Kwa wale wa nyumba 11 twasema: tuwieni radhi. Kwa yule mama aliyeweka mbegu juu ya meza yetu twasema: tulizihesabu mbegu zako zote, na hesabu hiyo ndiyo ukurasa wa kwanza wa daftari la jaribio.

Mungu akibariki Chama chetu kifike miaka mingine 10. Bwana Mwenyekiti, twaomba sasa kura ipigwe.